Bei ya Simu Isiyoandikwa kwenye Risiti

Tunaponunua simu huwa tunauliza maswali mawili: ni shilingi ngapi, na chaji inakaa muda gani? Jibu la swali la pili linaanzia mbali na duka. Betri nyingi za simu zina madini ya kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Sehemu kubwa huchimbwa na makampuni yenye mitambo. Lakini kandokando ya mji wa Kolwezi wapo pia wachimbaji wadogo, wanaoshuka mashimoni kwa kamba na kuchimba kwa zana za mkono, mara nyingi bila kofia ngumu wala barakoa. Shimo likiporomoka, huwafukia. Mwaka 2016 shirika la Amnesty International lilionyesha kuwa hata watoto walikuwa wakiokota, kuosha na kubeba mawe hayo. Watu wa huko huzungumza Kiswahili. Baba Yetu wanaisali kwa lugha yetu.

Mawe hayo hununuliwa na madalali, huchanganywa na mengine, kisha mengi husafishwa nchini China. Ndiyo maana mwenye duka hawezi kukuambia kobalti ya simu yako ilitoka shimo lipi. Anachojua ni bei tu. Sehemu nyingine ya gharama imekwisha kulipwa na mtu mwingine, kwa mapafu yake au kwa miaka yake ya shule.

Baba Mtakatifu Benedikto XVI, katika waraka Caritas in Veritate wa mwaka 2009, alifundisha kwamba kununua ni tendo la kimaadili, si la kiuchumi tu. Papa Fransisko alilirudia fundisho hilo katika Laudato Si' mwaka 2015. Basi tunapochunguza dhamiri juu ya amri ya saba, "Usiibe", tuukumbuke pia ujira wa watu tusiowaona.

Je, tuyasusie madini ya Kongo? Tuwe waangalifu. Septemba 2010 serikali ya nchi hiyo ilisimamisha uchimbaji katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, ili kukomesha biashara iliyowanufaisha wenye silaha. Katazo lilidumu takriban miezi sita, na familia nyingi zilizotegemea migodi zikapoteza riziki. Mchimbaji anahitaji malipo ya haki na usalama kazini. Kukosa mnunuzi hakumpi hata kimoja kati ya hivyo.

Kwa upande wetu, tuanze na simu tuliyo nayo. Betri ikichoka au kioo kikipasuka, tumpelekee fundi kabla ya kufikiria simu mpya. Iliyokufa kabisa tusiitupe jalalani wala kuichoma. Na jumuiya ndogondogo zetu zikikutana, tuwaombee wachimbaji wa Kolwezi, kisha kila mmoja ajiulize: simu ninayotaka kuibadilisha, imeharibika au nimeichoka tu?