Askari wa Mwili Husubiri Amri

Leo tuzungumze juu ya askari wanaolinda mwili wa mtoto wako.

Mtoto akizaliwa huchanjwa BCG mkononi, kumkinga na kifua kikuu. Baada ya wiki chache hutokea kidonda kidogo, kisha kovu. Usiogope, askari wako kazini.

Askari hao ni chembechembe ziitwazo makrofeji. Humeza viini vya maradhi, lakini kumeza si kuua. Chembechembe nyingine za kinga hutuma ujumbe uitwao interferoni gama. Amri hiyo ikifika, makrofeji huongeza nguvu ya kimeng'enya kinachogeuza oksijeni kuwa sumu ya kuua viini. Baadaye ujumbe mwingine huzituliza, maana sumu ikizidi huumiza mwili wenyewe.

Wako watoto wachache, hasa wavulana, wanaozaliwa na kasoro katika kimeng'enya hicho. Amri hufika, lakini silaha haifyatuki. Dalili ni majipu yanayorudi-rudi, tezi zinazotoa usaha, nimonia ya mara kwa mara, au kidonda cha BCG kisichopona.

Mama, usiseme ni kijicho. Mpeleke hospitali, umweleze daktari yote, hata kama kaka yake aliugua hivyo. Kipo kipimo cha damu, na zipo dawa za kuzuia maambukizi. Ukijaliwa mtoto mwingine, mweleze muuguzi kabla hajachanjwa BCG. Chanjo nyingine usiache bila ushauri wa daktari.

Kwaheri, hadi kipindi kijacho.