Kwa nini kadi za kale za Krismasi zilikuwa na ndege aliyekufa?

Desemba ikifika, simu zetu zinajaa picha za heri ya Krismasi: mti, nyota, theluji. Lakini Uingereza ya karne ya 19, mtu aliweza kutumiwa kadi ya sikukuu yenye picha ya ndege aliyekufa. Na wala halikuwa tusi.

Ilianzaje?

Mwaka 1843, Henry Cole, mtumishi wa serikali jijini London, alikuwa na barua nyingi za kujibu na muda hana. Akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree kadi moja ya kuchapwa. Zilitoka kama 1,000, zikauzwa shilingi moja moja. Kwa mtu wa kawaida, hiyo ilikuwa bei ya juu.

Katikati, familia inainua glasi za divai. Pembeni, maskini wanalishwa na kuvishwa. Kelele zikaanza: mbona hata mtoto ananyweshwa divai? Wapinga ulevi walikasirika kweli.

Ndege na posta

Ndege anayeonekana sana kwenye kadi hizo ni robin, mdogo mwenye kifua chekundu. Kumbe chanzo ni posta! Wapeleka barua walivaa makoti mekundu, watu wakawabandika jina la ndege huyo. Ndiyo maana kwenye baadhi ya kadi amebeba barua mdomoni.

Na yule aliyekufa je? Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba baridi kali iliua ndege, na iliua pia watoto wa maskini. Picha ilimgusa mpokeaji, ili akila na kunywa amkumbuke asiye na kitu.

Bei iliposhuka

Mwaka 1870, posta ya Uingereza ilianza kusafirisha postikadi kwa nusu peni. Uchapaji wa rangi nao ukawa rahisi. Sasa hata wa kipato kidogo wakatumiana salamu, na wachapaji wakashindana kwa vituko: paka waliovaa nguo, vyura wanaocheza dansi.

Usitupe ya kwenu

Mwaka 2001, kadi moja ya Cole iliuzwa mnadani kwa zaidi ya pauni 20,000. Ya nyumbani kwenu huenda isifike huko, lakini igeuze kwanza. Stempu, muhuri wa posta na mwandiko vitakuambia ilitoka wapi, lini, na nani alimkumbuka nani.