Shimesikio: kifaa kina bei, matunzo yake hayana

Mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya usikivu jijini Dar es Salaam, aliyeomba asitajwe kwa kuwa wateja wake wakubwa ni hospitali, ana manung'uniko mengi, lakini linalomkera kuliko yote ni vifaa vya bure. Kila zinapokuja kambi za matibabu za wafadhili, anasema, watu hupimwa, huvishwa shimesikio na kurudi makwao na pakiti chache za betri. Betri zikiisha, au moldi, kile kipande kinachokaa ndani ya sikio, ikilegea na kifaa kikaanza kupiga mluzi, wanaishia dukani kwake. Hana la kuwafanyia. Chapa ya vifaa hivyo haiwakilishi, programu ya kukirekebisha kifaa hana, na vipuri haviuzwi kwa asiye wakala. Mteja anaondoka akiamini amenyimwa huduma kwa sababu hakununua pale, na jirani zake wanaambiwa hivyo hivyo.

Lalamiko hilo lina uzito. Soko la dunia la vifaa hivi limeshikwa na kampuni kama tano, na kila moja ina programu yake. Fundi aliyezoea chapa moja akiletewa nyingine anaweza kubadilisha mrija wa moldi au kusafisha nta, basi. Hata hivyo bwana huyu, aliyekuwa mwepesi kueleza hasara za wafadhili, hakutaka kusema yeye mwenyewe ananunua shimesikio kwa bei gani. Alitaja usafiri na kodi, akaishia hapo. Tena katika maduka mengi ya aina yake anayepima ndiye anayeuza, na kipimo cha bure huzaa ankara kwa urahisi wa kutia shaka.

Hesabu yenyewe ya biashara hii iko kwenye betri. Zinazotumika zaidi ni za zinki na hewa, za namba 10, 312, 13 na 675, ndogo kama vifungo vya shati. Ukishabandua kibandiko chake, hewa inaingia na betri inaanza kuisha hata ukiiacha mezani. Zilizo ndogo kabisa humalizika ndani ya siku chache, na kubwa hufika wiki mbili au kupita kidogo. Anayevaa masikio mawili ananunua mara mbili, kwa hiyo wapo wanaovaa moja ingawa kipimo kinadai mawili. Muuzaji naye anaagiza kwa wingi ili apate bei, kisha mzigo unazeeka dukani ukisubiri wateja wachache. Ukanda wa pwani una adha ya ziada: joto, jasho na unyevu huingia kwenye kifaa, na vifuko vya kukaushia si kila mtu anauziwa wala kuelezwa.

Upande wa serikali, takwimu inayopendwa ni nyingine kabisa. Tangu mwaka 2017, hospitali kubwa ya umma ilipoanza kuwapandikiza watoto vifaa vya usikivu, maofisa wamekuwa wakirudia kwamba upasuaji huo hapa nchini unagharimu chini ya nusu ya kumpeleka mtoto India. Ofisa mmoja wa afya aliyezungumza bila kutajwa jina aliishikilia takwimu hiyo mazungumzo yote, kila swali likirudishwa kwake. Hazina imeokoa fedha, hilo halibishaniwi. Swali ni nusu hiyo inahesabu nini. Sehemu inayofungwa ndani ya fuvu hukaa miaka mingi, lakini kile kinachovaliwa nje ya sikio huchakaa, nyaya hukatika, na mtoto huhitaji kurekebishiwa kifaa mara kwa mara na kufundishwa kusikia na kutamka kwa miaka. Familia ya Kigoma inayofuata huduma hiyo Dar es Salaam inalipa nauli, malazi na siku za kazi zilizopotea. Alipoulizwa kama gharama hizo zimo, ofisa alijibu kwamba zinaangaliwa.

Wateja watarajiwa wapo tele, angalau kwenye karatasi. Ripoti ya kimataifa ya mwaka 2021 ilikadiria kuwa katika watu ambao shimesikio lingewafaa, asilimia 17 tu ndio wanaolitumia, na kwamba upungufu wa usikivu usioshughulikiwa unaigharimu dunia karibu dola bilioni 980 kwa mwaka. Tarakimu hizo husomwa majukwaani kila Machi 3, Siku ya Usikivu Duniani. Ripoti hiyo hiyo ilionyesha kuwa nchi nyingi maskini hazina hata mtaalamu mmoja wa usikivu kwa kila watu milioni moja, na huyo ndiye anayetakiwa kumgeuza mhitaji kuwa mteja.

Asipokuwepo, pengo linajazwa na duka la dawa. Sikio linalotoa usaha hupewa matone ya kubahatisha, na baadhi yana dawa za jamii ya gentamisini, ambazo zikipita kwenye ngoma iliyotoboka zinaweza kulidhuru sikio la ndani. Pengo jingine linajazwa na vikuza sauti vya bei poa vya Kariakoo, vinavyofanana na shimesikio kwa macho lakini hukuza kila sauti kwa pamoja, honi za bodaboda zikiwemo.

Mbele hakuonekani vizuri. Sheria ya bima ya afya kwa wote ya mwaka 2023 imewapa wauzaji matumaini, ila bima ikilipia kifaa bila betri wala marekebisho, malalamiko yatahama kaunta tu. Marekani iliruhusu mwezi Oktoba 2022 watu wazima wenye upungufu mdogo au wa wastani kujinunulia bila kupitia kwa mtaalamu, na wapo wanaotaka njia hiyo ifuatwe hapa. Kwa masikio yenye usaha na nta yasiyochunguliwa na mtu, ni vigumu kuona ikishusha gharama. Mfanyabiashara wetu ameweka matumaini yake kwenye vifaa vya kuchaji, ingawa anakiri kwamba vingi betri yake ikichoka havifunguliki hapa nchini, na kuvirudisha kiwandani ni gharama nyingine ya mteja.