Nyati wa Tsavo Hakuwa Mkosaji

Nilipokuwa mwalimu wa biolojia kusini mwa Kitui katika miaka ya tisini, kila tulipofikia magonjwa ya mifugo mwanafunzi mmoja aliniuliza swali lile lile: kwa nini serikali isiwaue nyati wote wa Tsavo, ng'ombe wa wazazi wake wapate salama? Nyumbani alikwisha kusikia kwamba sotoka hutoka mbugani. Halikuwa swali la kipuuzi, na wenzake upande wa Makueni, kule Mtito Andei, waliamini vivyo hivyo. Aliyekwisha kulijibu kwa ushahidi ni Walter Plowright, daktari wa mifugo kutoka Uingereza, ambaye wengi wa wanafunzi wetu hawalijui jina lake.

Sifa aliipata kwa chanjo. Huko Muguga, karibu na Nairobi, kuanzia 1956, yeye na mwenzake R. D. Ferris walivikuza virusi vya sotoka katika chembe za figo za ndama, wakavihamisha tena na tena, takriban mara 90, hata vikapoteza ukali wa kuua ila vikabaki na nguvu ya kumkinga ng'ombe maisha yake yote. Chanjo zilizotangulia, zilizokuzwa ndani ya mbuzi, ziliweza kuwadhuru ng'ombe wa aina fulani. Hii haikuchagua ng'ombe. Mwaka 1999 akatunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani.

Lakini mimi naistahi zaidi kazi yake ya Serengeti. Ndama wa nyumbu walikuwa wakifa huko kwa sotoka mwaka baada ya mwaka. Ng'ombe wa pembezoni mwa mbuga wakachanjwa. Nyumbu hakuguswa hata mmoja. Kisha Plowright na wenzake wakapima damu ya nyumbu, wakitafuta kingamwili, yaani alama ambayo mwili hubaki nayo baada ya kupambana na ugonjwa. Wakubwa walikuwa nayo. Waliozaliwa tangu 1963 hivi hawakuwa nayo. Ng'ombe, basi, ndio waliouhifadhi ugonjwa, na nyumbu aliambukizwa tu! Nyumbu hao, waliokuwa kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya sitini, walipindukia milioni moja katika miaka ya sabini.

Fikiri, msomaji: kama ingekuwa kinyume, ni nani angemkamata nyati amdunge sindano?

Kampeni kuu ya kuchanja barani Afrika ilianza 1962 ikakoma 1976, mapema mno, na sotoka ikarudi. Mwaka 1994 ilizuka Tsavo, jirani zetu. Nyati na tandala wadogo walikufa kwa wingi, tandala wengine wakapofuka, ilhali ng'ombe walipata homa ndogo ambayo mwenyewe huenda asiitambue. Dakta Richard Kock, wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na wenzake waliufuatia ugonjwa huo mzoga kwa mzoga. Safari hii mnyama wa porini ndiye aliyefichua ugonjwa uliojificha zizini.

Virusi hivyo vilithibitishwa mara ya mwisho mwaka 2001, kwa nyati wa Mbuga ya Meru, ng'ambo ya mto Tana ukiwa Kitui. Tangazo kwamba sotoka imetokomezwa duniani lilitolewa 2011. Plowright alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.