DAFTARI NI MTAJI: NASAHA KWA WANAOKUSUDIA KUJIAJIRI TUNDUMA

Watumishi wanaokaribia kustaafu na wananchi wengine wa Visiwani wanaokusudia kujiajiri Tunduma, Mkoa wa Songwe, wanakumbushwa kwamba biashara ya mtu mmoja haina karani wala mhasibu. Mwenyewe ndiye yote. Mji huo unapakana na Nakonde, Zambia, na shilingi na kwacha hupokewa mezani siku moja. Asiyeandika bei ya kubadilishia fedha huweza kudhani amepata faida ilhali kiinua mgongo chake kinayeyuka.

Aidha, daftari hupunguza kodi. Kwa viwango vya Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, mchuuzi mwenye mauzo ya shilingi 6,000,000 kwa mwaka, asiye na kumbukumbu, alitozwa shilingi 100,000. Mwenye kumbukumbu kamili alitozwa asilimia 3 ya kiasi kilichozidi shilingi 4,000,000, yaani shilingi 60,000.

Kwa hiyo inashauriwa:

(a) Fedha za biashara zitengwe na za nyumbani.

(b) Mauzo na manunuzi yaandikwe siku hiyo hiyo, pamoja na bei ya kwacha.

(c) Deni liandikwe mbele ya mashahidi, kama inavyoagizwa katika Suratul-Baqara, aya ya 282.

(d) Sehemu ya faida irejeshwe katika mtaji kabla ya matumizi mengine.

Wahenga walikwisha kuonya: mali bila daftari hupotea bila habari.