Kupanga Nyumba au Kuiandaa? Istilahi za Picha za Nyumba Inayouzwa, kwa Mfano wa Tukuyu

Siku hizi mtu anayetaka kununua nyumba aghalabu huiona kwanza katika picha. Mkazi wa Dar es Salaam aweza kuiangalia nyumba iliyoko Bulyaga au Makandana, mjini Tukuyu, kabla hajapanda basi la kwenda Mbeya. Chini ya picha hizo huandikwa maneno machache: idadi ya vyumba, aina ya hati, hali ya paa, ukubwa wa kiwanja. Kwa mnunuzi aliye mbali, picha na maneno hayo ndiyo nyumba yenyewe mpaka siku atakapofika.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi nyumba inavyoandaliwa kwa ajili ya kupigwa picha, na wakati huohuo kuchunguza maneno yanayotumika katika kila hatua. Maneno mengi yanayohusika ni ya kawaida, na huo ndio ugumu wake. Neno la kawaida huwa na maana mbili au tatu, na nyumbani halina madhara kwa kuwa wasemaji wanaonana. Likiandikwa katika tangazo la mauzo, laweza kumpotosha mnunuzi na kumtia muuzaji katika mgogoro ambao hakuukusudia.

Si ajabu kwamba msamiati huu haujakomaa. Hati za umilikaji wa ardhi wa kudumu zilifutwa nchini Tanzania mwaka 1963, na mwaka 1971 Serikali ilitwaa majengo mengi ya kupangisha na kuyaweka chini ya Msajili wa Majengo. Kwa miaka mingi lugha ya nyumba ikawa hasa lugha ya kugawiwa, kupanga na kulipa kodi. Lugha ya kuitangaza nyumba ili iuzwe ilibaki midomoni mwa madalali, na haikupata nafasi kubwa katika vitabu wala katika ofisi.

Tuanze na kitenzi chenyewe. Wengi husema kwamba nyumba "inapangwa" kabla ya mpiga picha kufika, wakiwa na maana kwamba viti, meza na vitanda vinawekwa mahali pake. Lakini kupanga nyumba ni pia kuikalia kwa kulipa kodi. Tangazo likisema "nyumba imepangwa vizuri", msomaji mmoja ataelewa kwamba vyombo viko katika utaratibu, na mwingine ataelewa kwamba ndani yumo mpangaji mwema. Tofauti hiyo si ndogo, kwani anayenunua nyumba yenye mpangaji hapaswi kutarajia kuhamia kesho yake. Kwa sababu hiyo twapendekeza kitenzi "kuandaa" kwa kazi nzima ya kuiweka nyumba tayari kwa picha, na "kupangilia" kwa sehemu ile ya kuweka vyombo katika utaratibu. "Kupanga" kibaki kwa habari za kodi.

Hatua ya kwanza ya kuandaa ni kupata ridhaa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa kuiuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo ni busara ridhaa hiyo ipatikane kabla ya kamera kuingia sebuleni. Kama kuna mpangaji, naye aombwe ruhusa, kwa maana vitu vitakavyoonekana ni vyake. Hapa tutenge maneno mawili. "Ridhaa" ni kukubali kwa hiari kwa mtu mwenye haki katika jambo. "Taarifa" ni kumjulisha tu. Mtafsiri anayeandika kwamba mke au mpangaji "alipewa taarifa", ambapo matini asilia inasema kwamba alikubali, amebadilisha hali ya kisheria ya watu.

Hatua ya pili ni kuondoa. Huondolewa vitu vinavyolijaza jicho, kama vile ndoo, viatu mlangoni, nguo zilizotundikwa, magunia ya viazi na mikungu ya ndizi barazani. Huondolewa pia vitu vinavyowatambulisha watu: picha za jamaa, vyeti vya shule, vikasha vya dawa, bili na barua. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipitishwe, "taarifa binafsi" ni istilahi yenye uzito wa kisheria, na cheti kinachosomeka ukutani ndani ya picha chaweza kuwa na taarifa hizo.

Hatua ya tatu ni kusafisha. Neno hili halina utata linapohusu sakafu na madirisha, lakini lina historia katika fani ya picha. Katika enzi ya filamu, "kusafisha picha" kulikuwa kuipeleka filamu studio ili picha zitokee, na wazee wengi bado husema hivyo. Leo kijana akisema kwamba "picha zimesafishwa", huenda ana maana kwamba nyaya za umeme, madoa na nyufa zimefutwa kwa kompyuta. Twapendekeza "kusafisha" kutumike kwa nyumba, "kuhariri picha" kwa marekebisho ya mwanga na rangi, na "kufuta" pale kitu kilichokuwapo kinapoondolewa katika picha. Mnunuzi anayo haki ya kujua ni lipi kati ya hayo limefanyika.

Hatua ya nne ni mwanga, na hapa mazingira ya Tukuyu yanahitaji maelezo mahsusi. Mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na sehemu nyingi za Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mlima Rungwe, wenye kimo cha takribani mita 2,960, uko upande wa kaskazini wa mji. Anayetaka mlima uonekane nyuma ya nyumba hana budi kuelekeza kamera kaskazini. Mnamo Juni na Julai, wakati wa kiangazi, jua la mchana nalo liko kaskazini. Basi kamera hulikabili, na uso wa nyumba hugeuka kivuli. Yafaa picha hiyo ipigwe asubuhi baada ya ukungu kuondoka, au alasiri jua linapoelekea magharibi. Ndani ya nyumba mapazia hufunguliwa na taa zote huwashwa.

Tumetaja ukungu. Katika wilaya yenye hewa ya unyevu, neno hili ni mtego. Ukungu ni mvuke mzito unaotanda juu ya migomba na mashamba ya chai ya Katumba. Lakini ukungu ni pia ule uoto mweusi au wa kijivu unaoota ukutani na darini palipo na unyevu. Ripoti ya ukaguzi ikiandika "nyumba ina ukungu asubuhi", anayesoma hatajua kama anaelezwa hali ya hewa ama ugonjwa wa ukuta. Twashauri "ukungu" utumike kwa ule wa hewani, na "kuvu" kwa ule wa ukutani. Chanzo chake kiitwe kwa jina lake: bati lililotoboka, gata lililoziba, au unyevu unaopanda kutoka katika msingi.

Suala hili latupeleka kwenye kiini cha makala haya. Kuna vitenzi vitatu ambavyo mazoea huvichanganya, navyo ni kuandaa, kupamba na kuficha. Kuandaa ni kuondoa kinachozuia nyumba isionekane ilivyo. Kupamba ni kuongeza kisichokuwa sehemu ya nyumba, kama vile kitambaa kipya cha meza au chombo cha maua, ambacho mwenye nyumba ataondoka nacho. Kuficha ni kuzuia kasoro isionekane, kwa mfano kupaka rangi juu ya kuvu bila kuziba tundu la paa, au kusogeza kabati mbele ya ufa. Anayefanya hilo la mwisho katika kiangazi cha Tukuyu apata picha nzuri sana mwezi wa Agosti; mvua zirudipo, doa hujitokeza tena pale pale, na mnunuzi amekwisha kulipa. Lugha ikiviita vitendo vyote vitatu "kuiweka nyumba sawa", imemsaidia mfichaji.

Hatua ya tano ni kupiga picha zenyewe. Kamera huwekwa katika kimo cha kifua na kunyooshwa, ili kuta zisionekane zimeinama. Mpiga picha husimama pembeni mwa chumba ili kuta mbili au tatu zionekane. Lenzi ya pembe pana husaidia katika chumba kidogo, lakini hukifanya kionekane kikubwa kuliko kilivyo. Dawa yake ni maneno: chini ya picha paandikwe vipimo, kwa mfano "chumba cha mita 3 kwa mita 3.5". Kivumishi "kikubwa" hakipimiki.

Mwisho huja majina ya sehemu za nyumba. "Ua" ni neno la kutazamwa kwa makini. Ua wenye wingi wa nyua ni uwanja uliozungushiwa, au kizuizi chenyewe kinachouzunguka. Ua lenye wingi wa maua ni la mmea. "Nyumba yenye ua" haielezi kama kuna kizuizi, uwanja au waridi moja. Twapendekeza "uzio" kwa kizuizi, "ua" kwa uwanja wa ndani ya uzio, na "bustani" palipopandwa maua. "Jiko" nalo ni chumba na ni chombo. Rungwe nyumba nyingi zina jiko la kuni lililojengwa mbali na nyumba kubwa, hivyo "jiko la nje" lielezwe kuwa ni chumba. "Masta" ni neno la mitaani lililoenea. Katika maandishi rasmi "chumba chenye choo na bafu ndani" ni refu zaidi lakini halimdanganyi mtu.

Lililo zito kuliko yote ni "hati". Chini ya Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Anayeuza huhamisha nyumba pamoja na haki ya kuitumia ardhi. Mjini Tukuyu haki hiyo yaweza kuwa ya kupewa na Serikali, kwa muda usiozidi miaka 99. Katika vijiji vinavyouzunguka mji ni hakimiliki ya kimila, na uhamisho wake hupitia halmashauri ya kijiji. "Nyumba ina hati" ni sentensi pungufu. Ni hati gani, ya muda gani, na jina lililomo ni la nani? Picha haiwezi kuyajibu maswali hayo hata ikipigwa kwa ustadi wote.

Kwa muhtasari, twawasilisha istilahi zifuatazo ili wasomaji wetu wazijaribu katika kazi zao:

1. Kuandaa nyumba: kuiweka nyumba tayari kwa picha bila kubadilisha wala kuficha hali yake.
2. Kupangilia: kuweka vyombo katika utaratibu.
3. Kupamba: kuongeza vitu visivyouzwa pamoja na nyumba.
4. Kuficha kasoro: kuzuia dosari ya jengo isionekane.
5. Kuhariri picha: kurekebisha mwanga na rangi baada ya kupiga.
6. Kufuta: kuondoa katika picha kitu kilichopo mahali penyewe.
7. Kuvu: uoto wa ukutani au darini unaotokana na unyevu.
8. Uzio: kizuizi kinachozunguka kiwanja.
9. Maelezo ya picha: maneno yaandikwayo chini ya picha, pamoja na vipimo na tarehe ya kupigwa.

Tumeongeza tarehe katika istilahi ya mwisho kwa makusudi. Picha ya Agosti na picha ya Aprili ni shahidi wawili tofauti juu ya paa lilelile, na mnunuzi apaswa kujua anamsikiliza yupi. Walimu waweza kuzitumia jozi tulizozitaja, yaani kupanga na kupangilia, ukungu na kuvu, ua na uzio, kama zoezi la ufahamu darasani. Watumishi wa halmashauri na wafasiri wa mikataba watuandikie pale watakapoona kwamba istilahi mojawapo haikidhi haja, au kwamba wananchi wa Rungwe wanalo neno lao lililo bora zaidi. Neno la watu likiwa wazi na likiwa tayari limeenea, halina sababu ya kuachwa kwa ajili ya letu.