Njia ya Kutokea

Mgonjwa wa Shangani akiandikiwa CT scan siku hizi halazimiki kupanda basi la Dar es Salaam. Kipimo kipo Mtwara penyewe, Mitengo, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Kabla ya kudungwa dawa ya kung'arisha picha ataulizwa hali ya figo zake, pengine apimwe pia kreatinini, taka ya damu inayoonyesha figo zinafanyaje kazi. Dawa hiyo ni iodini. Mililita 100 hubeba gramu 30 hivi, na karibu yote husubiri figo ziitoe. Wanaobuni chembe za metali zishike nafasi ya iodini hukwama papo hapo: kwenye kutoka.

Kuonekana si tatizo kubwa. Atomu nzito huzuia eksirei zaidi kuliko nyepesi, na dhahabu ina protoni 79 dhidi ya 53 za iodini. Ila kila elementi ina kizingiti chake cha nishati. Mionzi ikikivuka, elektroni za ndani kabisa huanza kuinyonya kwa wingi wa ghafla. Kizingiti cha iodini ni keV 33, cha dhahabu karibu 81. Kwa hiyo kwenye keV 100 gramu ya dhahabu huzuia takriban mara 2.7 ya gramu ya iodini, lakini kwenye keV 60 iodini ndiyo inayoshinda. Dhahabu haifai kwa kila picha.

Sasa kutoka. Figo ni kama kifumbu cha tui, na matundu yake ni madogo mno: utafiti wa mwaka 2007 kwa wanyama ulionyesha kwamba chembe inayozidi nanomita 5.5, pamoja na koti lake, haipiti vizuri. Koti ni la lazima, maana chembe iliyo uchi hugandwa na protini za damu ikanenepa. Mwaka 2006 James Hainfeld na wenzake waliwadunga panya chembe za dhahabu za nanomita 1.9, mishipa ikaonekana vizuri, na figo zikazitoa. Chembe kubwa humezwa na seli za ini na bandama, zikakaa.

Kukaa huko kuliwahi kuua. Kuanzia miaka ya 1930 hadi ya 1950 madaktari walitumia Thorotrast, chembe za oksidi ya thoriamu. Picha zake zilisifiwa sana. Lakini thoriamu hutoa mionzi, na ilibaki kwenye ini maisha yote. Miongo ikapita, saratani zikafuata. Wengi hulaumu mionzi tu. Mimi naona kosa la usanifu lilikuwa pia kutoiwekea njia ya kutokea.

Ndiyo maana navutiwa zaidi na chuma. Ini likimeza chembe ya oksidi ya chuma huivunja, na chuma chake kikatumika kutengeneza damu. Ferumoxytol iliidhinishwa Marekani mwaka 2009 kutibu upungufu wa damu kwa wagonjwa wa figo, na madaktari wengine huitumia kwa MRI pale figo mbovu zinapofanya gadolini, dawa ya kawaida ya kung'arisha picha za MRI, iogopwe. Inaweza kuleta mzio mkali, hivyo hutolewa polepole mgonjwa akiangaliwa. Na haitoki upesi: hata miezi 3 baadaye yaweza kubadilisha picha ya MRI, kwa hiyo mpiga picha anayefuata lazima aambiwe ilitolewa lini.